Mtazamaji wa Pili

Tunaanza kwa jina lake Mola, aliyeinua mbingu pasi na nguzo wala mkandarasi, akazipamba kwa nyota pasi na sherehe ya uzinduzi, akaziacha wazi kwa kila mwenye shingo bila kumwuliza kitambulisho. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Baada ya hayo, hii ni habari ya nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja. Si kwa hofu, hasha, bali kwa kuwa wenyewe wamelibadilisha mara nne na hatuna hakika na la sasa.

Adabu ya msimulizi ni kuwapanga watu wake kabla hawajafungua vinywa, kila mmoja kwa daraja lake. Wa kwanza ni Mheshimiwa Mlinzi wa Mawingu, mtawala wa nchi hiyo, ambaye hatutamwona katika habari hii, kama ambavyo raia wake hawakupata kumwona ila katika picha. Wa pili ni Bwana Tawakali Mshinde, Mwenyekiti wa Kamati ya Upatanisho wa Sarufi, ambaye kazi yake mtaijua wakati wake. Wa tatu ni Machano Makungu, afisa wa Idara ya Macho, mtu wa miaka arubaini, mrefu, mwenye kofia ya serikali isiyomkaa vizuri. Wa nne na wa mwisho, kwa kuwa hana cheo, ni Mzee Badi Shekue. Na habari yenyewe ni yake.

Mzee Badi alikuwa mfukuza mbuzi. Kwa miaka thelathini na mmoja alitumikia kiwanja cha ndege cha mji mkuu, na kila ndege ilipokaribia kutua, aliingia kwenye lami na fimbo ya mpera, akawaondoa mbuzi waliojilaza pale kwa kupenda joto lake. Marubani wengi wa mataifa makubwa walishuka salama, wakaishukuru mitambo yao, wasijue kwamba wakati huo huo Mzee Badi alikuwa amemshika beberu masikio, anambembeleza. Alipostaafu alipewa cheti, akaruhusiwa kuondoka na fimbo.

Mtu aliyeziona ndege kwa karibu namna ile hawezi tena kuishi bila ya kuzitazama. Kila Ijumaa baada ya sala, Mzee Badi na sahibu yake, Mzee Dau Mwinchande, aliyekuwa mpishi wa pale kiwanjani, walikaa kwenye kibao cha mvule kando ya uzio, wakazitazama ndege na kuzitolea hukumu.

"Huyu katua kwa papara," Mzee Dau angesema. "Kama kaacha maziwa jikoni."

"Mwache bwana, upepo umemsukuma."

"Upepo gani? Mbona kofia yako haikutikisika?"

Mzee Badi alikuwa na kamera ya mkanda, na kwa miaka mingi alikusanya kanda hamsini na tatu. Ijumaa walizitazama ndege za kweli. Siku nyingine walikaa sebuleni kwake wakizitazama zile za kwenye kanda. Mkanda wa arubaini waliuita Mama wa Kanda. Ndani yake mlikuwa na Maonyesho ya Taifa ya mwaka mmoja wa heri, ambapo ndege pekee ya serikali ilipanda wima kuelekea juani, ikapunguza mwendo, ikasimama juu ya mkia wake kama mshumaa kwenye kinara, kwa muda wa mtu kusema Subhanallah, kisha ikateleza kinyumenyume, ikajigeuza, ikashuka ikicheka. Ndivyo Mzee Dau alivyosema: ikicheka. Waliutazama mkanda ule mara mia na kitu, na kila walipofika pale walishikana mikono, kana kwamba safari hii huenda isirudi.

Mwezi wa Rajabu, Mzee Dau akafariki. Mola amrehemu.

*

Sasa yapasa tueleze sheria. Nchi ile ilikuwa na Sheria ya Utazamaji, na kifungu chake cha tisa kilisema: "Mtu mmoja anayetazama juu ni mpelelezi. Watu wawili ni burudani. Watu watatu ni mkutano usio na kibali." Wanazuoni wa serikali walikifafanua kwa uzuri. Walisema kwamba mmoja hukaa na alichokiona moyoni, na kilicho moyoni ni siri. Wawili huambiana, basi siri haipo. Ama watatu hukubaliana, na kukubaliana ndiko mwanzo wa uasi.

Tanga la Mzee Dau lilipokwisha, Mzee Badi alikwenda kwenye kibao chake. Akakaa upande wake, ule mwingine akauacha wazi kama kawaida. Mlinzi wa uzio akamjia.

"Shikamoo, mzee. Mko wangapi hapa?"

"Marahaba. Niko peke yangu, mwanangu."

"Basi teremsha shingo."

Mzee Badi akateremsha shingo. Ndege ikapita juu yake, akaijua kwa mlio kuwa ni ile ya mizigo, yenye injini nne, na ya tatu ikikohoa kidogo. Hakuwa na wa kumwambia kwamba ya tatu inakohoa.

Akawaendea majirani. Wa kwanza alisema shingo yake ina baridi yabisi. Wa pili alisema anga humtia kizunguzungu, na tangu utotoni hutazama chini. Wa tatu alikubali kwa furaha, akaenda kuvaa viatu, na mpaka leo anavivaa. Hatuwalaumu. Mtu akiombwa akae na mpweke huona kama ameombwa ahamie.

Usidhani kwamba kanda zilimfariji. Wanasheria walikuwa wamekwisha kutoa waraka kwamba anga ni anga, liwe juu ya kichwa au ndani ya kisanduku. Basi Mzee Badi, aliyekuwa mtiifu kwa kila amri isiyomkosesha sala, alitia Mama wa Kanda kwenye mashine, akageuza kiti, akaupa mgongo ule mwanga, akakaa uso kwa uso na ukuta, akasikiliza. Alisikiliza ndege ikipanda. Alisikiliza mlio ukipungua. Mlio ulipokatika kabisa, pale penye Subhanallah, alinyoosha mkono kando, ukagusa hewa.

Kesho yake akaenda Wizarani.

*

Wizara ya Anga ilikuwa na madirisha kumi na mawili, yote ya kuhudumia, hakuna la kutazamia nje. Mzee Badi alielekezwa dirisha la tano, Mambo ya Shingo, ambako alikaa Bi Mwanasiti, mwanamke mwenye muhuri mkononi na pini tatu mdomoni.

"Karibu, mzee wangu. Shida gani?"

"Naomba mtu, binti yangu."

"Mtu wa nini?"

"Wa kutazama naye ndege."

"Ndege yule au ndege ile?"

Swali hili ni la busara kwa wenye lugha yetu. Ndege mwenye manyoya ni kiumbe, naye huambiwa *amepaa*. Ndege yenye rubani ni chombo, nayo huambiwa *imepaa*. Jina ni moja, kiambishi ndicho kinachotenganisha nyama na bati.

"Ndege ile," alisema Mzee Badi.

"Afadhali. Yule ni Wizara ya Mifugo, ng'ambo ya barabara, na lifti yao mbovu." Akafungua jalada. "Naona ulikuwa na mwenzio. Dau Mwinchande. Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mzee Badi akanyoosha kidole juu.

"Mzee, kibali chenu ni cha miaka mitatu, kimebaki mwaka na miezi minne. Mtu haachi kutazama hivi hivi. Hapa inanibidi niandike *mtoro*."

"Usimwandike mtoro, nakuomba. Mtu yule hakuchelewa hata siku moja. Ilikuwa ukimwambia saa nane, unamkuta tangu saa saba na nusu anafuta kibao vumbi."

Bi Mwanasiti alizitoa pini mdomoni moja moja. Alikuwa na baba yake mwenyewe, pengine. Akafikiri, kisha akaandika: *Yuko juu kikazi.*

"Hiyo itapita?" aliuliza Mzee Badi.

"Wakubwa wote wamo kwenye daftari hili namna hiyo hiyo. Sasa, mwenza. Ngoja nitazame." Akapekua. "Aa! Lako jepesi. Tangu siku ya tatu ya tanga kuna afisa wa Idara ya Macho anakufuata, kwa kuwa umekuwa mtu mmoja. Yuko pale nje, penye mtungi wa maji, anajifanya anakunywa. Chukua huyo huyo."

Akagonga muhuri. Mzee Badi alipotoka alimkuta yule bwana, tumbo limejaa maji mpaka linatoa sauti.

"Shikamoo," alisema Machano Makungu kwa aibu. "Naona tumeshajuana."

*

Ijumaa ya kwanza Machano alikaa upande wa Mzee Dau, akiwa amegeuka kabisa, anamkodolea macho mzee usoni.

"Mwanangu, ndege iko juu."

"Najua, mzee. Ila mimi nina amri mbili. Wizara yako inataka nitazame juu. Idara yangu inataka nikutazame wewe, nisipepese."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeuliza. Wamesema nitumie akili, halafu wakaniuliza kama ninacho kibali."

Ndege ya abiria ikaja, imekunjua magurudumu. Mzee Badi akainua shingo, mara ya kwanza tangu msibani, na macho yake yakalowa. Machano akamsogelea zaidi, mpaka pua zikakaribiana. Alikuwa amegundua kwamba katika miwani ya mzee, kwenye kila kioo, mlikuwa na anga dogo, na ndege ndogo nyeupe inateremka.

"Loo!" alisema Machano. "Ziko mbili!"

"Ni moja, mwanangu."

"Kwangu mbili. Usitingishe kichwa."

Kwa majuma sita afisa yule alilitazama anga la nchi yake ndani ya miwani ya mtu mwingine, na amri zote mbili zikatimia. Ikawa siku za katikati ya juma huja nyumbani, maana kanda nazo zilihitaji watu wawili. Mzee Badi alipika kahawa, Machano alileta kashata katika mfuko wa koti la serikali. Mwanzoni alikaa karibu na mlango, kiofisa. Baadaye akavua viatu. Ukafika wakati akaja na mto wake mwenyewe wa kuegemea, na hakuurudisha kwao.

"Huyu rubani ana mke?" aliuliza siku moja, ndege ilipopita tumbo juu.

"Sijui. Kwa nini?"

"Akirudi nyumbani ataingiaje mlangoni? Si ataanza miguu?"

Mzee Badi alicheka mpaka kahawa ikampalia, na Machano akampiga mgongoni, na alipompiga mgongoni mzee alikumbuka kwamba tangu Rajabu hakuna mkono uliomgusa, ila wa kinyozi.

Siku walipoutazama Mama wa Kanda, Machano alisahau kutazama kwenye miwani ya mzee. Ndege ilipokuwa inapanda, uso wake ulianza kugeuka kidogo kidogo, kama mlango usiofungwa vizuri, na iliposimama juu ya mkia wake, alikuwa ameikabili moja kwa moja. Mkono wake ukadaka mkono wa mzee.

"Itarudi?" alinong'ona.

"Hurudi kila mara."

"Lakini leo?"

Katika taarifa yake ya juma hilo kwa Idara, Machano aliandika: "Mtuhumiwa amefurahi kwa dakika kumi na mbili. Afisa pia." Maneno mawili ya mwisho aliyakata kwa wino, lakini wino wa serikali ulikuwa mwepesi, yakasomeka.

*

Wakati huo nchi ilipatwa na fedheha. Mtangazaji wa redio ya kigeni alisema kwamba ndege ya serikali ya nchi ile *imechakaa*. Mheshimiwa Mlinzi wa Mawingu alikasirika, na kilichomkera hasa kilikuwa ule mwanzo wa neno. Imechakaa! Kama ndoo! Kama kandambili! Akaunda Kamati ya Upatanisho wa Sarufi, na Bwana Tawakali Mshinde akatoa tangazo kwa sauti ya mtu anayefungua jiwe la msingi:

"Wananchi! Kuanzia leo, Ndege wa Taifa ni kiumbe hai. Hatasemwa *imepaa*; atasemwa *amepaa*. Hatasemwa *imeharibika*, atasemwa *hajisikii vizuri*. Hawezi kuchakaa, huongeza umri, na umri ni heshima. Atakayemtamkia kiambishi cha vyombo atakuwa amemvua uhai, na kumvua uhai mtumishi wa umma ni kosa."

Na kwa kuwa watu wale walipenda mashairi kuliko sheria, redio ikawapa ubeti, ukaimbwa kila baada ya taarifa ya habari:

Ndege wetu ni kiumbe,
si kijiko, si kikombe,
wala mtu asimwambe:
"imepaa" ni hatia.

Nasi, kwa kutii, tutamtaja vivyo hivyo kuanzia hapa.

Jambo moja halikufikiriwa. Sheria ya zamani ilisema kwamba kila kiumbe hai mwenye mabawa yuko chini ya Wizara ya Mifugo, Idara ya Kuku na Jamaa Zake. Asubuhi ya pili tu bwana mifugo alifika kiwanjani na gunia la mtama. Marubani wakaambiwa wasimpandie mnyama bila ya kumzoesha. Mtama ulimwagwa mbele ya Ndege Mtukufu, hakuula, ikaandikwa kwamba ana huzuni. Ulipofika wakati wa chanjo ya kideri, ambayo kwa kuku hutiwa tone moja jichoni, bwana mifugo alitafuta jicho la Ndege mpaka adhuhuri; mwisho akapanda ngazi akaidondoshea kwenye kioo cha rubani, upande wa kulia na wa kushoto, kwa haki.

Juma moja kabla ya Maonyesho ya Taifa, kuku wawili wa Ikulu walianza kukohoa. Wizara ya Mifugo ikapiga marufuku ya siku arubaini: kiumbe yeyote mwenye mabawa asitoke bandani. Ndege wa Taifa akafungiwa, mlangoni akawekewa beseni la dawa.

Maonyesho bila ndege! Serikali nzima iliingiwa na baridi. Ndipo mtu mmoja wa Idara ya Macho alipofungua taarifa za afisa wao, akasoma habari za mkanda wa arubaini.

*

Siku ya Maonyesho, uwanja wa taifa ulijaa watu elfu sitini. Shuka nyeupe kubwa ilitandazwa upande wa mashariki, ya kuonyeshea mkanda ule, na raia walielezwa kwamba watakachokiona ni Ndege wao hai, siku hiyo hiyo, ila kwa mbali kidogo. Nao wakakubali, maana wengi walikuwa wamepewa mapumziko kwa sharti hilo. Sheria ya mkutano ilisimamishwa kwa saa mbili.

Mzee Badi na Machano waliketishwa mbele ya kipaza sauti. Wao ndio watazamaji wawili pekee waliosalia kwenye daftari la Wizara, basi wakateuliwa watangazaji. Nyuma yao alikaa Bwana Tawakali na karani, kusikiliza viambishi.

Mzee Badi alianza, kwa adabu na kwa kupima. "Mabibi na mabwana, Ndege wetu anatoka. Anakimbia. Amepaa."

"Amepaa!" uwanja ukaitika.

"Anageuka kushoto. Amelala ubavu. Amejigeuza tumbo juu, Mola amhifadhi."

Machano alikaa amemwelekea mzee kama afisa mwema. Lakini miwani ya mzee haikumwonyesha kitu, kwa kuwa jua liliipiga kutoka pembeni. Shuka ikang'aa. Ndege akaanza kupanda. Machano akasikia mlio anaoujua ukipungua, ukipungua, na shingo ya mtu ina mipaka yake. Akageuka. Akainuka. Na mbele ya watu elfu sitini, kofia ikiwa imedondoka, alipiga kelele kwa furaha ambayo nchi ile ilikuwa haijaisikia kwa muda mrefu:

"Imesimama! Mzee wangu, imesimama!"

Karani alichovya kalamu.

*

Kamati ilikaa siku ya tatu. Bwana Tawakali alivaa joho.

"Machano Makungu," alisema, "wewe ni afisa. Ulikula kiapo. Umemwambia Ndege wa Taifa *imesimama*, mbele ya umma na mbele ya kipaza sauti ambacho nacho ni cha serikali. Kuna mtu ana neno?"

Mzee Badi akasimama. Hakuwa amelala siku zile. Alikuwa amekaa sebuleni akiutazama ule mto wa kuegemea, akitafuta njia ambayo ulimi wake ungeweza kupita bila ya kusema uongo.

"Mheshimiwa, mimi ni mfukuza mbuzi tu, sarufi nimeisikia msikitini. Ila neno *imesimama* halikuwa na jina mbele yake. Na viko vingi vinavyosimama. Mvua husimama. Saa husimama. Mimi nina saa mkononi, nanyi mnaiona, imesimama tangu mwaka juzi."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaomba aione saa. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akaitia sikioni.

"Imesimama kweli," alisema mjumbe, na hakuna aliyemkamata.

Bwana Tawakali akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa sahani ya pili. "Hoja nzuri sana, mzee. Tena tunaikubali! Basi afisa huyu alikuwa anatazama saa. Na kama alitazama saa, hakumtazama Ndege. Na kama yeye hakumtazama, ni nani katika daftari la Wizara aliyemtazama?"

Mzee Badi akanyoosha mkono kuipokea saa yake.

"Wewe," alisema Bwana Tawakali. "Peke yako. Kifungu cha tisa. Upelelezi, tena kwa kipaza sauti. Miaka saba, katika nyumba isiyo na dirisha. Chagueni wenyewe: ama huyu amekosa sarufi, ama wewe ulikuwa mtu mmoja. Kamati haina haraka, chakula ni saa saba."

Machano alikuwa amekaa na kofia magotini. Akaiweka chini.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi nilitazama ndege. Wala sikuitazama kwenye miwani, niliitazama yenyewe. Nikasema imesimama, kwa sababu ilisimama."

Karani alihesabu kwa vidole. "Makosa mapya matano," alinong'ona.

"Hesabu vizuri, ndugu yangu. Na uandike na hili: mzee huyu hakuwa peke yake. Mimi nilikuwapo. Kama pana mahali pa kutia kidole gumba, nionyesheni."

Akaonyeshwa. Akatia.

Hukumu haikuchukua muda. Machano alihamishiwa Ghala la Viatu vya Jeshi, ambalo limechimbwa chini ya ardhi katika mkoa wa mbali, awe msimamizi wa viatu vya mguu wa kushoto, mpaka atakapostaafu. Na asiandike barua, kwa kuwa barua ina vitenzi. Askari wawili wakamshika. Mlangoni aliomba wasimame kidogo.

"Mzee."

"Naam, mwanangu."

"Kahawa ya Jumanne. Upike ya mtu mmoja."

"Sijui kipimo chake," alisema Mzee Badi.

Machano akamshika mzee mkono, akaukamata sawasawa kama walivyozoea kuukamata pale Ndege anapokawia kurudi. Kisha askari wakasema basi.

Mzee Badi alipewa karatasi yenye mihuri miwili. Iliandikwa: "Inathibitishwa kwamba Bwana Badi Shekue, siku ya Maonyesho ya Taifa, hakuwa peke yake." Na chini, kwa herufi ndogo: "Cheti hiki hakitumiki kwa siku nyingine yoyote."

*

Marufuku ya kideri iliondolewa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Mzee Badi hakwenda kiwanjani, kwa kuwa alikuwa mtu mmoja. Alikaa uani kwake, juu ya ngazi ya jikoni, mikono magotini, shingo ameiteremsha kama sheria inavyotaka. Akasikia mlio. Akaujua kuwa ni wa Ndege wa Taifa. Ulitoka kusini, ukakua, ukajaza ua wote mpaka vikombe kabatini vikagusana. Naye hakuinua macho. Sheria haikusema neno kuhusu chini, basi alitazama chini. Na kwenye saruji ya ua, pale palipofagiliwa asubuhi, kivuli kilikuja, kimetandaza mabawa, kikapita juu ya nyayo zake, kikapanda ukuta, kikatoweka.

"Inapinda," alisema Mzee Badi kwa sauti. "Imepinda vizuri leo."

Lilikuwa kosa, na alilisema waziwazi, akageuka kuelekea langoni kumtazama atakayeandika. Langoni hapakuwa na mtu. Idara ya Macho ilikuwa haijapata afisa wa kuziba nafasi. Akalirudia, kwa nguvu zaidi, akasubiri. Jirani akafunga dirisha. Mzee Badi akaendelea kukaa mpaka alasiri ikaadhiniwa, akainuka kutia udhu.

Nasi hapa tunaweka kalamu, tukiinua mikono. Ewe Mola, uliowachukua uwarehemu, na waliofungiwa chini ya ardhi uwafungulie, wauone tena mwanga wako wakiwa na afya zao. Ama hawa waliobaki, wanaopika kahawa wasijue kipimo, wanaosema neno na kugeuka kutafuta aliyelisikia, walaze kwa amani, waamshe kwa amani, watie watu milangoni mwao. Na pale ambapo mtu hakupatikana, usimwache yeyote kati yao akawa mmoja. Amin.